Kiinua Mgongo Kisiwe Ada ya Kujifunzia Biashara



Wengi wetu tumewahi kuhudhuria sherehe ya kumuaga mfanyakazi mwenzetu anayestaafu. Hotuba husomwa, zawadi hutolewa, picha hupigwa, na kabla watu hawajatawanyika mmoja humuuliza mstaafu swali linaloonekana la kawaida: "Sasa, mzee, utafanya biashara gani?" Naye hujibu kwa kucheka kwamba labda atafuga kuku, labda atafungua duka, labda atanunua gari la abiria, Mungu akipenda. Wageni hupiga makofi. Miaka miwili baadaye tunapita nyumbani kwake. Banda la kuku limebaki na utando wa buibui, gari limepandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na mzee mwenyewe anatukaribisha kwa maneno machache. Kiinua mgongo hakipo tena.

Jambo hili limekuwa la kawaida mno katika mitaa na vijiji vyetu hata watu wameanza kuliona kama ajali ya Mungu. Sisi hatukubali kwamba ni ajali, wala hatukubali kwamba wastaafu ni wajinga. Mtu aliyefundisha watoto miaka 35, au aliyeuguza wagonjwa usiku na mchana, hawezi kuwa mjinga ghafla siku ya kutimiza miaka 60. Tatizo ni kwamba swali la biashara huulizwa siku ya sherehe, wakati lilipaswa kuulizwa miaka mingi kabla yake. Aliyechelewa kuulizwa hulazimika kujifunza biashara kwa fedha ambayo haitapatikana mara ya pili.

Neno letu katika toleo hili ni hilo moja: kiinua mgongo kisiwe ada ya kujifunzia biashara. Kujifunza kufanyike mapema, kwa fedha kidogo, wakati mshahara bado unaingia.

Fedha hii ni nini?

Tuanze kwa kuitambua fedha yenyewe. Kiinua mgongo si zawadi ya mwajiri wala fadhila ya Serikali. Ni ujira uliowekwa kando. Kila mwezi mchango wa asilimia 20 ya mshahara hupelekwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii, sehemu ikitoka kwa mfanyakazi na sehemu kwa mwajiri. Watumishi wa umma wako katika PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne ya zamani. Wafanyakazi wa sekta binafsi wako katika NSSF. Anayestaafu, kwa hiari akiwa na miaka 55 au kwa lazima akiwa na miaka 60, anapokea jasho lake mwenyewe.

Tena jasho hilo halitolewi lote kwa mara moja. Wasomaji wanakumbuka mjadala mkali wa kikokotoo mwishoni mwa mwaka 2018, kanuni mpya ziliposhusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, na Rais Magufuli akaagiza zirejewe kanuni za zamani. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2022 ziliweka mkupuo kuwa asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi la watumishi waliokuwa wakipata nusu hapo zamani, na asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata robo. Kinachobaki hulipwa kidogo kidogo kama pensheni ya kila mwezi. Wapo wanaolalamika kwamba mkupuo huo ni mdogo, nasi malalamiko yao tunayaelewa. Lakini hata ungekuwa mkubwa mara mbili, tabia yake ingekuwa ile ile: pensheni hurudi kila mwezi, mkupuo ukishatoka haurudi.

Hali ni ngumu zaidi kwa yule anayepunguzwa kazini kabla ya umri wa kustaafu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka kima cha chini cha kiinua mgongo kuwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, kwa miaka isiyozidi 10. Maana yake, aliyetumikia kiwanda kwa miaka 20, na ambaye mkataba wake hauna masharti bora zaidi, anaweza kutoka getini na mshahara wa siku 70, mbali na haki zake nyingine. Siku 70 kwa miaka 20! Mtu huyo hana nafasi ya kukosea hata mara moja.

Wala tusisahau tulikotoka. Mfanyakazi mwenye miaka 55 leo alizaliwa karibu na mwaka 1970, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika makampuni au kupangisha nyumba. Alikulia katika malezi yaliyoiangalia biashara kwa jicho la shaka. Kisha, katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yapatayo 400 yalipoanza kurekebishwa na kubinafsishwa, aliwaona wazee wake wakirudi nyumbani na bahasha mkononi, watu ambao hawakuwahi kuuza hata kiberiti. Wengine waliamka, wengine walianguka wasiinuke. Kizazi chetu kilishuhudia hayo kwa macho yake. Hakina kisingizio cha kutojua.

Wanaobisha hodi

Habari za kiinua mgongo hazifichiki. Kabla fedha haijaingia benki, hodi zimeshaanza kusikika mlangoni. Anakuja dalali wa viwanja. Anakuja muuza gari ambalo, kwa maneno yake, linahitaji rangi tu. Anakuja mpwa mwenye mpango wa kulima matikiti maji kwa umwagiliaji, na ameshapiga hesabu yote katika karatasi moja, hesabu isiyo na mdudu, ukame wala siku ya soko kujaa matikiti ya watu wengine.

Wanakuja pia wenye ahadi za kuizalisha fedha bila kazi. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha upatu ulioitwa DECI, ulioendeshwa na wachungaji kwa lugha ya kupanda na kuvuna, na watu wengi walipoteza akiba zao. Tunalitaja jambo hilo kwa uchungu, kwa kuwa lugha ya imani ndiyo iliyofungua milango ya watu. Tangu wakati huo upatu umebadilisha majina mara nyingi, na siku hizi huingia kwa njia ya simu, lakini alama yake haijabadilika: faida ya wa mbele ni mtaji wa wa nyuma. Anayeahidiwa faida kubwa bila kuambiwa bidhaa gani inauzwa na nani anainunua, na akimbie.

Tena wako wakopeshaji. Wananchi wenyewe wameibatiza baadhi ya mikopo hiyo "kausha damu" na "mikopo umiza", na majina hayo yanatosha kuwa onyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka kila mkopeshaji awe na leseni. Anayekushawishi kutia sahihi leo leo, bila kukupa nakala ya mkataba ukasome nyumbani, amekwisha kukueleza nia yake.

Mshahara ndio mwalimu mwenye huruma

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mfanyakazi mwenye umri wa miaka 45 au 50 bado ana mbachao: mshahara, hata ukiwa mdogo. Mshahara una faida moja ambayo watu wengi hawaioni. Unasamehe makosa. Aliyejaribu kuuza mchele gunia moja akapata hasara, mwisho wa mwezi atakula, na mwezi unaofuata atajua kwa nini alipata hasara. Aliyenunua magunia 100 kwa kiinua mgongo hana mwisho wa mwezi wa namna hiyo.

Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba biashara ya uzeeni ichaguliwe na kujaribiwa angalau miaka mitano kabla ya kustaafu. Ijaribiwe kwa udogo wake wote: kuku 20 na si 500, cherehani moja na si karakana, genge la Jumamosi na si fremu ya kulipiwa kodi ya mwaka mzima pamoja na kilemba. Mtu ajifunze bei ya kununulia, bei ya kuuzia, miezi ya njaa na miezi ya neema, wateja wanaolipa na wanaoahidi.

Lakini hapa tuseme neno la haki. Biashara ya majaribio isijengwe kwa kumwibia mwajiri. Mwalimu anayeliacha darasa ili akapokee mzigo sokoni, au muuguzi anayewauzia wagonjwa wake kile walichopaswa kupewa zahanati, hajajifunza biashara bali amejifunza wizi. Saa za mwajiri ni za mwajiri. Jioni, Jumamosi na likizo ni zako.

Mtu ataweza kutujibu: "Mshahara wenyewe hautoshi chakula na ada za watoto. Hiyo fedha ya majaribio itatoka wapi?" Swali hili ni la haki, wala hatutaki kulijibu kwa mkato. Ni kweli kwamba wengi wanaishi kwa kukopa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kujifunza haidai fedha bali inadai muda na unyenyekevu. Keti Jumamosi tatu katika duka la ndugu unayemwamini, umsaidie kupima na kuhesabu. Simama karibu na kona unayotamani kufungua biashara, uhesabu watu wanaopita na wanaonunua, asubuhi na jioni, mwanzo wa mwezi na katikati ya mwezi. Mwulize aliyefunga biashara ile ile kwa nini aliifunga. Yeye anajua mengi kuliko anayeifungua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Maswali manne ya kuchagulia

Swali la kwanza: mikono yako inajua nini? Watu wengi huchagua biashara kwa kumtazama jirani. Jirani akifungua duka la vipodozi, mtaa mzima unafungua maduka ya vipodozi, na wateja ni wale wale. Kumbe miaka 30 kazini imekuachia ujuzi ambao jirani hana. Fundi umeme wa kiwandani anajua kazi ambayo kila nyumba inaihitaji. Karani wa masijala anajua kupanga majalada na kuandika barua zinazokubalika ofisini. Mpishi wa shule anajua kulisha watu 300 bila chakula kuharibika, na kila wiki kuna harusi na misiba. Mfano mzuri ni duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003. Duka hilo husimamiwa na Baraza la Famasi, linahitaji kibali na mtoa dawa aliyepata mafunzo, na huruhusiwa kuuza dawa zilizomo katika orodha yake tu. Masharti hayo humkatisha tamaa mfanyabiashara wa kubahatisha. Kwa muuguzi mzoefu, masharti hayo hayo ni ua linalolinda ujuzi wake.

Swali la pili: fedha inarudi lini? Tuchukue kuku wa mayai, ambao wastaafu wengi huwakimbilia. Tuseme mtu amenunua vifaranga 200. Vitaanza kutaga vikifikisha wiki 18 hadi 20 hivi. Katika muda huo kila kuku atakuwa amekula chakula cha kilo 7 au 8, yaani kundi zima karibu kilo 1,600, ambazo ni mifuko 32 ya kilo 50, na hakuna hata yai moja lililouzwa. Hapo hatujahesabu banda, maji, chanjo za mdondo na gumboro, wala vifaranga vilivyokufa. Wakianza kutaga, kila kuku hula gramu 120 hivi kwa siku, maana yake kundi linamaliza kilo 24, karibu nusu mfuko, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Wakitaga vizuri, tuseme wanane kati ya kila kumi, utaokota mayai 160, ambayo ni trei tano na mayai kumi. Basi, kabla ya kujenga banda, nenda sokoni na swali moja: je, bei ya jumla ya trei tano inalipa nusu mfuko wa chakula, na msaidizi, na dawa, na bado inaacha kitu? Soko la kijijini kwako likijibu ndiyo mwaka mzima, fuga. Likijibu ndiyo kwa miezi mitatu tu, umeokoa fedha zako.

Swali hili la muda ndilo linalotenganisha biashara za kuanzia ukiwa kazini na zile za kuanzia baadaye. Mparachichi wa kupandikizwa huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa. Aliyeupanda akiwa na miaka 52 atavuna akiwa bado ana mshahara. Aliyengoja hadi 60 atautazama ukikua huku akila mtaji.

Swali la tatu: nani atakuwapo? Gari la abiria na pikipiki ya bodaboda hupendwa kwa sababu mwenye mali huketi nyumbani akingoja hesabu ya jioni. Lakini hesabu huletwa na dereva, nayo matairi, vipuri, bima na leseni hulipwa na mwenye gari. Siku ya mvua kubwa hakuna hesabu. Siku ya ajali kuna madai. Vivyo hivyo wakulima wetu wa mjini wamekipa jina kilimo kinachoongozwa kutoka sebuleni: "kilimo cha simu". Simu huuliza kama mahindi yamepaliliwa, na simu hujibu kwamba yamepaliliwa. Biashara ndogo haina meneja wa kuajiriwa. Kama wewe au mtu wa nyumbani mwako hamtakuwapo kila siku, si biashara yenu.

Swali la nne: mwili utakubali mpaka lini? Anayeanza akiwa na miaka 58 aifikirie kazi hiyo akiwa na miaka 68. Je, itamdai kuamka saa tisa usiku kwenda soko la jumla? Je, itamdai kubeba magunia? Akiugua mwezi mmoja, mlango utafunguliwa na nani? Biashara inayosimama kwa nguvu za vijana haimfai mzee, hata kama faida yake ni nzuri kwenye karatasi.

Daftari na nyumba

Methali moja ya wafanyabiashara inatosha kuandikwa juu ya kila mlango wa duka: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi chache lenye kurasa za mauzo, manunuzi, madeni na matumizi ya nyumbani ni chuo cha biashara. Kila unga unaotoka dukani kwenda jikoni uandikwe. Kila ndugu anayekopa aandikwe, na apewe kikomo. Mwenye duka ajiandikie ujira, hata kama ni mdogo, na ajiandikie kodi ya chumba hata kama chumba ni chake. Asipofanya hivyo ataiita faida kile ambacho kwa kweli ni jasho lake na nyumba yake vikiliwa polepole.

Daftari lina kazi nyingine. Mfanyabiashara mdogo asiyetengeneza hesabu rasmi hukadiriwa kodi kwa kutazama mauzo ya mwaka, wala si faida. Duka lenye mauzo makubwa na faida nyembamba laweza kujikuta likidaiwa kuliko lilivyotarajia. Viwango hubadilika bajeti hadi bajeti. Kwa hiyo kabla ya kuanza ni vema kufika ofisi ya TRA na idara ya biashara ya halmashauri, kuuliza kodi na leseni, na kuyaandika majibu katika daftari lile lile.

Jambo zito kuliko yote ni nyumba. Kiinua mgongo kimechumwa na wawili, hata kama jina kwenye hundi ni moja. Mke aliyepika, aliyelima na kulea watoto wakati mume akiwa kazini ana jasho lake ndani ya fedha hiyo; na mume aliyebaki nyumbani na watoto mkewe akiwa zamu ya usiku vivyo hivyo. Tunasikitika kuona akina mama wakizisikia habari za gari lililonunuliwa siku gari linapofika uani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Ulinzi huo si karatasi ya kutiwa sahihi kwa haraka mbele ya afisa mikopo. Ridhaa hutolewa na mtu aliyeelezwa, aliyeuliza na aliyeruhusiwa kukataa. Nasi tunasema wazi: nyumba unayolala isiwe dhamana ya biashara ambayo hujawahi kuifanya.

Si kila mstaafu ni mfanyabiashara

Siku hizi neno ujasiriamali limekuwa jibu la kila swali. Kijana hana ajira? Ujasiriamali. Mzee amepunguzwa kazini? Ujasiriamali. Tunaiheshimu kazi ya biashara, ila hatukubali itumike kuwatupia wazee mzigo uliopaswa kubebwa na wengine. Wapo watu ambao, wakijipima kwa maswali manne tuliyotaja, watajikuta hawana biashara ya kufanya. Kwao uamuzi wa hekima ni kumaliza nyumba ili wasilipe kodi, kuweka akiba iliyobaki katika benki au hati fungani za Serikali, kulima shamba la chakula, na kuishi kwa pensheni. Huko si kushindwa. Akiba haiozi.

Wenye wajibu nao watimize wajibu wao. Waajiri wapeleke michango ya wafanyakazi kila mwezi, maana kuikata katika mshahara na kutoiwasilisha ni kumla mtu uzee wake. Hapo hatuwanyoshei wengine kidole tu: makanisa nayo yanaendesha shule, hospitali na zahanati, na madereva, wapishi na walinzi wetu nao watazeeka. Mifuko ya hifadhi ilipe kwa wakati, na ikutane na wanachama wangali na miaka mingi kazini, si katika semina ya wiki ya mwisho. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ni mwema, lakini mwanamume aliyevuka umri wa ujana, aliyepunguzwa kazini, hana fungu lake hapo. Na ajue mapema, asije akangoja mlango usiokuwapo.

Nawe uliyefanikiwa kuanzisha biashara, kumbuka kwamba siku ile ile umekuwa mwajiri. Kijana anayelala bandani na kuku wako, binti anayekuuzia duka tangu asubuhi mpaka usiku, wanastahili ujira unaolipwa kwa tarehe, siku ya kupumzika, na michango yao pia. Itakuwa aibu kwa mtu aliyelilia haki yake miaka 30 kumdhulumu mwenzake mwezi wa kwanza.

Twende kazi

Tunaziomba jumuiya ndogondogo, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya akiba viitenge jioni moja kwa ajili ya jambo hili. Waalikwe wastaafu wawili: mmoja ambaye biashara yake imesimama, na mmoja ambaye yake imeanguka. Wote wawili wapewe muda sawa na heshima sawa. Kisha kila mwenye umri wa miaka 45 na kuendelea aende nyumbani na maswali haya, ayajibu pamoja na mwenzi wake:

1. Nimebakiza miaka mingapi ya mshahara, na michango yangu yote imewasilishwa?
2. Kati ya kazi ninazozijua kwa mikono yangu, ni ipi ambayo watu wa hapa wanailipia?
3. Ninaweza kuijaribu kwa fedha kiasi gani bila watoto kukosa chakula wala ada?
4. Ikishindwa, tutajua kwa alama gani, na nani kati yetu atakuwa na ujasiri wa kusema tuache?

Tungependa kuhudhuria sherehe za kustaafu za namna nyingine. Swali lile litaulizwa kama kawaida, "Sasa, mzee, utafanya biashara gani?" na mzee, au mama yetu, atajibu bila kucheka: "Ile ile niliyoianza miaka mitano iliyopita. Karibuni dukani." Na kiinua mgongo kitakapofika kitakuta daftari lenye kurasa zilizojaa, nyumba isiyo na rehani, na watu wawili wanaojua hasa ni kiasi gani kiongezwe kwenye mtaji na kiasi gani kisiguswe.